Mashine Iliyosaga Hewa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nisikiapo injini ikiwashwa. Ikinirudia natazama chini, ingawa nywele zangu zimekuwa nyeupe na wengi walioniona siku ile wameshatangulia. Nimekuita uketi kwa sababu nasikia umefungua kazi yako mwenyewe. Nasikia pia kwamba wenzako wa biashara wakikutana huwa unakwenda, unakunywa chai, unasema mambo yako ni mazuri, kisha unarudi nyumbani. Maneno hayo nayajua. Niliyasema kabla hujazaliwa, tena nikiwa nimevaa shati jeupe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa nimerudi kutoka mgodini, upande wa Geita, ambako kazi yangu ilikuwa kupaka grisi. Hakuna aliyenikalisha akanifundisha injini. Nilijifunza kwa kutazama mikono ya mafundi, na jioni nikirudia kichwani kila walichokigusa. Mtu aliyejifunza namna hiyo ana ugonjwa wake, mwanangu. Hujiona kama ameingia nyumba ya watu kwa dirishani, na kila siku anangoja mtu amuulize alipitia wapi.

Baba yangu aliuza ng'ombe ili ninunue mashine ya kusaga. Wewe ni Msukuma, sihitaji kukueleza maana ya mzee kufungua zizi ili mwanawe apate chuma. Nikaisimika mashine hapa Masumbwe, nikapaka mlango rangi ya kijani, na kila jioni nilifuta vumbi la unga hadi kwenye mbao za paa. Mkanda wa injini ukikaa upande hata kidogo, nilikuwa sili hadi niunyooshe. Nilitaka kila jicho litakaloingia pale lisikute dosari.

Wakati huo wenye shughuli zao hapa walikuwa na desturi ya kukutana Jumapili mchana kwenye hoteli ya chai ya Salumu, mtu wa Tabora, mcheshi, aliyekaanga maandazi mwenyewe na kuwatania wateja huku akiyageuza. Mkubwa wa kikao alikuwa Mzee Kashinje, mwenye mashine ya kusaga kama yangu, ng'ambo ya mto. Kikao kilikuwa na sharti moja. Kila mtu aseme kilichomshinda wiki ile, wenzake wamsaidie kufikiri. Atakayesema hakuna kilichomshinda, huyo alipe chai ya wote.

Nililipa chai Jumapili nyingi kuliko mtu yeyote, na nikaona ni heshima.

Salumu alikuwa akinipokea kwa kusema, "Karibu bwana mkubwa, leo tena tunakunywa kwa afya yako?" Watu wakicheka, nami nilicheka nao. Sikuelewa kwamba ninachekwa. Nyumbani nilikuwa nimeshafanya mazoezi ya namna ya kusema "mashine iko salama," sauti isipande wala isishuke.

Mashine haikuwa salama. Injini niliijua, lakini mawe ya kusagia sikuyajua. Mgodini hapakuwa na mawe ya unga. Sikujua kwamba mifereji iliyochongwa usoni mwa jiwe huisha kwa kazi, na lazima ichongwe upya. Unga wangu ukaanza kutoka ukiwa wa moto na mzito, nusu chenga. Wanawake hawakunigombeza. Walianza tu kupita mlangoni kwangu na vikapu vichwani, wakivuka mto kwenda kwa Kashinje, na waliponisalimia walikuwa hawasimami.

Jumapili moja Mzee Kashinje alisimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyoharibu mawe yake alipoanza kazi, akaona haya kumuuliza fundi, hadi alipopelekwa kwa nguvu na mkewe. Alisimulia taratibu, akinitazama. Mlango alikuwa ameufungua wote, mwanangu. Nilichotakiwa ni kuinua mguu tu niingie. Nikasema mimi mawe yangu hayajanisumbua, nikaagiza chai ya wote.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilipoona wateja wamepungua, sikuogopa njaa. Niliogopa ukimya. Mashine ya kusaga ina bomba la moshi linalosikika mbali, na mji mzima hujua ikinyamaza. Kwa hiyo nikawa naiwasha kila asubuhi bila nafaka, ili watu wasikie. Lakini mashine tupu hulia kwa sauti nyepesi, na mimi nilitaka ilie kama ina kazi. Nikakaza mawe yagusane, ili injini ielemewe, ingurume. Ikanguruma. Nilisimama kando yake mikono kiunoni nikisaga hewa, mlango nimeufunga kwa ndani, na moyoni nikifurahi kwamba Masumbwe yote inanisikia.

Jiwe likisaga jiwe, unga wake ni mchanga. Hilo hata mtoto angenieleza kama ningemuuliza.

Mama Kabula alikuwa jirani yangu, mjane, mtu wa maneno machache. Yeye hakuvuka mto na wengine, kwa sababu alimheshimu baba yangu na aliona ni vibaya kumwacha mtoto wa jirani. Alipomwoza binti yake, akaniletea mtama na mahindi ya karamu yote. Nilifurahi hadi nikakataa malipo. Nikasaga na mawe yaleyale, na unga niliutazama ukashuka mweupe. Mchanga hauonekani ndani ya unga.

Unaonekana mdomoni. Wakwe wa Mama Kabula walikuwa watu wa njia ya Kahama, wenye ng'ombe na wenye jina, walikuja na wazee wao. Waliketi, wakanawa, wakamega ugali, na tonge la kwanza likalia kwenye meno. Nilikuwepo. Nilisikia mlio ule kwa mzee mmoja, kisha kwa mwingine, kisha nikausikia mdomoni mwangu. Kwetu, kumpa mkwe ugali wa mchanga ni kumwambia umemzolea nafaka ya kufagia chini, ya kuku.  Wazee wale walinawa tena mikono, wakasimama, wakaondoka, na binti wakamwacha kwa mama yake. Wakatuma neno kwamba watadai ng'ombe wao kwenye baraza la mtemi.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na najua. Sikufungua mdomo. Mwanangu, kusaga hewa ni upumbavu wa kijana, unaweza kucheka. Huo ukimya wa kwenye karamu ndio unaonifanya nitazame chini.

Jumapili iliyofuata, tukiwa tumekaa kwa Salumu, Mama Kabula akaingia. Alikuwa amebeba sahani iliyofunikwa kwa kawa. Akaiweka mezani mbele ya Mzee Kashinje, akafunua, ulikuwa ugali umepoa.

"Shikamoo wazee," akasema. "Onjeni. Mtu akiniuliza mtaani kama niliokota nafaka chini, nataka awepo wa kunijibia."

Mzee Kashinje akamega, akatafuna. Tulisikia. Hakutema, alimeza. Kisha akanigeukia mimi, si kwa ukali.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "kila asubuhi ulikuwa unasaga nini?"

Nikataka kusema mtama. Salumu akanikatiza, na safari hii hakuwa anatania. "Usijisumbue. Hoteli yangu iko njiani. Mashine tulikuwa tunaisikia, lakini hatujaona mwanamke hata mmoja akitoka kwako na unga kwenye nyusi."

Walijua wote. Sauti niliyoitengeneza ili wanione mzima ndiyo iliyowaambia ninakufa. Nikauliza, kwa hasira ya mtu aliyevuliwa nguo, kwa nini basi hawakuniambia.

"Tulikuuliza kila Jumapili," akasema Mzee Kashinje. Akaisukuma sahani kando. "Ila kosa moja ni langu. Nilijua sauti ya jiwe likila jiwe. Nikakuheshimu kupita kiasi, nikangoja useme mwenyewe. Ningevuka mto siku ya kwanza, mama huyu asingelia."

Nikalia mimi, mbele ya maandazi. Nikasema yote pale: mgodi, grisi, dirisha nililoingilia, mawe nisiyoyajua, karamu niliyokaa kimya. Nilipomaliza nilingoja wanifukuze. Kumbe walikuwa wanajadiliana nani ana baiskeli yenye breki.

Kesho yake Salumu alifunga hoteli na Mzee Kashinje alizima mashine yake, ingawa ilikuwa siku ya wateja. Tukaendesha baiskeli hadi kwa wale wakwe. Njiani Salumu aliniambia nikianguka nianguke kichakani, barabara ina mchanga na tumeshaula wa kutosha. Tulipokaribia, Mzee Kashinje akasimama kunipa maelekezo. Utasema mwenyewe, akasema. Sisi hatutasema lolote. Tutasimama nyuma yako tu, ili wakuone una watu.

Nilisema. Mbele ya wazee wale, wake zao na vijana wao, nikasema nafaka ya Mama Kabula ilikuwa safi, mchanga ulitoka kwenye mawe yangu, na kwamba siku ya karamu nilijua nikaacha mjane abebe aibu yangu. Safari hii hakukuwa na mlango wa kufunga kwa ndani.

Mkwe mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba yangu. Akasema, "Basi wewe ndiye Bwana Changarawe." Vijana wakaangua kicheko, hata yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Kicheko kilipokwisha, akamwambia mwanawe aende akamchukue mkewe.

Mzee Kashinje alikuja kwangu na patasi na nyundo, akanionyesha namna ya kuchonga jiwe hadi nikajua. Wateja walirudi polepole sana, wengine hawakurudi. Jina la Changarawe halikuondoka tena. Wewe ulikua ukidhani ni jina la ukoo. Sivyo. Ukoo wetu una jina jingine. Hilo lililo kwenye mlango wa mashine nililiandika mwenyewe, baada ya kuchoka kulikimbia, na watu walipoliona wakaanza kuniamini kwa kazi.

Nakuusia hivi, mwanangu. Kuonekana kwa watu si kelele unayopiga ukiwa umejifungia. Nenda kwenye kikao chenu na lile jambo linalokutoa jasho, liseme mapema, likiwa bado lako peke yako, kabla halijaingia kwenye tonge la mtu mwingine. Ukisikia mashine ya mwenzako inaunguruma vibaya, vuka mto, usingoje heshima ikuruhusu. Na mwenzako akienda kutubu, funga duka ukasimame nyuma yake. Chai waachie wengine walipe.

Mungu akupe kazi yenye nafaka ndani yake. Akupe wenzako watakaokuuliza mara ya pili, na akupe mdomo wa kuwajibu. Haya, inuka sasa. Leo ni Jumapili, na wenzako wameshakaa.