Nilimpigia Bibi Simu kwa Wivu wa Chumba cha Mtoto

Admin, jina langu usiliweke, maana baba na mke wake wote wanasoma page hii. Mimi ni binti wa miaka kumi na sita, kidato cha tatu, naishi Segese. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Nina aibu sana, mambo mengi naandika tu, siongei. Nimesoma English medium, Kiswahili changu kikiyumba mnivumilie.

Nyumbani kuna chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Tangu kidato cha kwanza namwomba baba anipe, maana mimi nalala na magunia ya mpunga. Jibu lilikuwa lile lile: "Subiri mwanangu, spea za karasha nitaziweka wapi?" Karasha ni mashine yake ya kusaga mawe ya dhahabu. Nikasubiri.

Mwaka huu mama mdogo, ndivyo ninavyomwita mke wa baba, akapata ujauzito. Spea zilihama siku moja tu! Fundi akaja, rangi ya njano, pazia la mawingu, twiga wa kubandika ukutani. Kitanda cha mtoto kikaja kwenye boksi, maelekezo yote Kiingereza. Baba akaniita, "Njoo msomi wetu, tusomee." Nikasimama mlangoni nasoma, yeye kapiga magoti anakaza skrubu huku anapiga mluzi. Jamani, neti yangu mimi nimeifunga kwa kamba ya kiatu, mwaka wa pili huu. Fundi akanitania, "Dada mtu, mbona umenuna? Umeshushwa cheo?" Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kesho yake nikampigia bibi mzaa baba, yuko Kharumwa. Nilijua ninachofanya. Kwa bibi, mtoto hanunuliwi hata soksi kabla hajazaliwa, ni kumwitia balaa. Mwaka jana mimba ya mama mdogo ilitoka, bibi akasema ni kwa sababu alinunua nguo mapema. Nikamsalimia, "Mwangaluka bibi," halafu nikajifanya napiga stori tu: "Yaani chumba cha mtoto kimependeza!"

Keshokutwa yake huyo hapo. Hata maji hakunywa. "Mnamwandalia nani? Mmeshamwona?" Twiga wakabanduliwa, kitanda kikafunguliwa, spea zikarudi. Akamwambia mama mdogo mbele yangu, "Safari hii likitokea lolote, usiseme sikukwambia." Mama mdogo alilia huku kashika tumbo. Baba anaamini fundi ndiye aliyepeleka maneno, kamfukuza hata kwenye kazi ya kujenga uzio wetu aliyokuwa amempa.

Juzi mama mdogo kaja chumbani kwangu na mfuko. Ni nguo za mtoto alizomficha bibi. "Niwekee kwenye tranka lako la shule, mwanangu. Humu ndani nakuamini wewe tu." Akaongeza, "Kikitokea kitu watasema ni mimi."

Amebakiza wiki sita. Kila nikitoka shule nafungua lile tranka. Kuna kikofia cheupe, nilikivisha ngumi yangu, kikaenea. Nikaogopa, halafu wivu ukarudi pale pale. Mtu hajazaliwa na tayari ana kofia tatu.

Simwombei mabaya, naapa. Ila nikisema ukweli, huyu mama hataniita tena mwanangu, na kumbe nalitaka hilo neno. Nikinyamaza, fundi wa watu kakosa kazi, na likitokea lolote mzigo ni wa mama mdogo.

Dada zangu, kaka zangu, nimwambie sasa akiwa na tumbo lile, au nisubiri ajifungue? Nishaurini, funguo ya tranka ninayo mimi.