Waliita Kinoti, Akaitika

Siamini bado kwamba rafiki yangu Kinoti, fundi wa kompyuta, amekatwa panga langoni kwake hapa Kianjai kwa sababu ya jina.

Juzi asubuhi alikuwa akikama ng'ombe. Wanaume wakaita kutoka barabarani, "Kinoti!" Mkewe anasema alijibu, "Ni mimi, karibuni," akawaendea na ndoo mkononi.

Walimkata mkono, kisha shingo. Maziwa na damu viliteremka pamoja hadi mtaroni. Ndipo mmoja alipomtazama vizuri usoni, akasema, "Si huyu." Walimtaka Kinoti mwingine, mwenye ugomvi wa shamba.

Tulifanya kazi pamoja Embu, ofisi ya ushirika wa wakulima. Mimi meneja, yeye IT. Kompyuta zilikuwa kuukuu, na mara kwa mara moja yao ilipotea kwenye network.

Siku moja mafaili yalikataa kufunguka, karani akaanza kuizaba makofi mashine iliyoyatunza. Kinoti akamshika mkono. "Unampiga mgonjwa kabla ya kumuuliza? Iite kwa namba yake kwanza."

Kwa namba, ambayo kila mashine ina yake pekee, iliitika. Kumbe ilikuwa nzima. Shida ilikuwa jina.

Alinieleza, nami nawaeleza. Mashine za zamani hutafutana kwa kupaza sauti: nani anaitwa Stoo? Inayoitika ndiyo inayoaminiwa, bila swali la pili. Mbili zilikuwa zimepewa jina Stoo, na kazi yetu ilikuwa ikienda kwa ile isiyohusika.

"Mzee, hebu ita Kinoti sokoni Kianjai," aliniambia. "Nusu ya wanaume watageuka." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Sasa nyinyi vijana, tangu jana mnatumiana jina Mutuma kwenye groups za WhatsApp, kwamba ndiye muuaji, na nasikia petroli imeshanunuliwa.

Mutuma yupi? Wa bodaboda? Wa posho mill, anayetusagia unga? Yule anayefundisha Sunday school? Mkewe Kinoti ndiye pekee aliyeona nyuso za wauaji. Nimeketi naye, nikamuuliza taratibu. Hakumtaja Mutuma yeyote. Anasema akiziona zile sura atazitambua, na polisi wanalijua hilo.

Mtamchoma mtu kwa kuwa ameitika?

Nimeweka kiti langoni kwa Mutuma wa posho mill, kwa sababu ndiko mlikosema mtaanzia. Atakayekuja aanze na mimi. Jina langu mnalijua, na sura pia.

Kinoti wangu, lala. Huko uliko wanakujua hata kabla ya kukuita.