Golia Aliyebeba Ndagala Zetu

Juzi kule Katanika niliona kijana mumoja anahadisia watoto vita ya Daudi na Golia, na katoto kamoja ka kike kakainua kidole. Nikasikia tena harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Wakati wa Zaïre, sisi watoto tulilinda ndagala zilizoanikwa kwenye muchanga, kombeo mukononi, ndege wasizile. Papa Anselme, katekista wetu, alitufundisha hapo hapo. Biblia hakuisoma, aliicheza. Siku ile alikuwa Golia: alikanyaga muchanga kwa nguvu, akawafokea mama zetu, "Leteni muntu wa kupigana na mimi!"

Mimi nilifikiri hadisi zote za Biblia ni za kwetu. Nikainua kidole.

"Papa, huyu Golia njo ajida Mbayo, askari mwenye kubebaka ndagala zetu bila kulipa?"

Watu walicheka mpaka machozi. "We mutoto, kinywa chako!" Mama akasema, naye anacheka. Nyuma yetu Papa Kilubi, mukubwa wa chama cha serikali katika mutaa, alikuwa anashona wavu. Hakucheka. Aliuweka chini, akaenda.

Jioni askari walimuchukua Papa Anselme. Alirudi baada ya juma moja, mukono wa kuume umevunjika. Aliendelea kutuhadisia, lakini Daudi wake hakurusha tena jiwe. Aliomba tu, Golia akaanguka mwenyewe.

Mbayo njo alimupiga. Kilubi njo alimushitaki. Jina nililitaja mimi.

Kule Katanika nilikainamia kale katoto.

"Uliza, mama. Lakini kwanza angalia nani ameketi nyuma yako."