Cha Juu cha Gari Jekundu

Ukishuka kwenye treni pale Mpanda ukaja mjini kwa miguu, taratibu, utakuta uzio wa mabati uliopigwa rangi ya bluu. Hiyo ndiyo yadi ya magari ya Salvatori. Na kama ungepita miaka michache iliyopita, asubuhi, kabla watu hawajawa wengi, ungemwona mwanaume mwembamba amekaa ndani ya gari jekundu lisilowashwa, mikono kwenye usukani, macho mbali. Ungesema amelala. Hakuwa amelala. Huyo ni Pontien, na ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Pontien ni mtoto wa Katumba, yale makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walikuja toka Burundi mwaka ule wa sabini na mbili, wakalima mahindi na tumbaku mpaka uraia ukawakuta shambani. Yeye jembe lilimkataa. Alikuja mjini akawa dalali wa magari kwa Salvatori, na kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: bosi anataja bei anayoitaka, wewe ukiuza juu ya hapo, kilichozidi ni chako. Ndicho wanachokiita cha juu. Watu wengi wanakitukana hicho cha juu, lakini cha Pontien kilikuwa na adabu. Alikipima kwa kuangalia uso wa mtu. Mwalimu alimwekea kidogo, mnunuzi wa tumbaku alimwekea zaidi, na wote waliondoka wanacheka.

Sasa, siku moja Salvatori alirudi toka Dar na Noah zake alizofuata, na nyuma yao likaja lori limebeba gari ambalo Mpanda haijawahi kuliona. Jekundu. Milango miwili tu. Tumbo liko chini kabisa karibu na ardhi, mabega mapana, kama mnyama aliyejikunyata anataka kuruka. Gari la mbio, la hao wanaokimbizana kwenye barabara laini za kwao. Huku kwetu tuta dogo tu lingelipasua tumbo.

Fabrice, kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya geti, alicheka mpaka akakaa chini.

"Kaka Pontien, huyo chura mtamuuzia nani?"

"Atakuja mwenyewe."

"Huyo mwenyewe aje na koleo. Kila tuta achimbe, apite, afukie!"

Watu wakacheka. Pontien naye akacheka. Halafu akaingia ndani, alipeleke gari kwenye kivuli, akageuza ufunguo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenezeka, sijui niseme vipi. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi, ikasema maneno kwa Kijapani. Pole pole, kwa upole, kama mtu anayekupokea mlangoni usiku wa baridi. Magari mengi ya kule yanakuja na sauti hizo, na mafundi husema ni onyo tu la kadi ya ushuru wa barabara iliyokosekana. Pontien alishazisikia kwenye Noah akazizima bila kufikiri. Hii hakuizima. Alizima gari, akaliwasha tena, apate kuisikia mara nyingine.

Toka siku hiyo akawa anafika yadi mapema. Anageuza ufunguo, mwanamke anasema yake, Pontien anajibu, "Na wewe habari za asubuhi." Kisha anakaa. Hapo ndani, alikuja kuniambia, mji wote ulikuwa unasogea mbali. Aliona barabara ndefu isiyo na shimo, miti ya miombo inarudi nyuma pande zote mbili, na yeye haendi kokote, anakwenda tu. Mtu ambaye familia yake ilitembea toka nchi nyingine kwa miguu, akiota mwendo usio na mzigo kichwani. Mimi sikumcheka.

Muda si mrefu redio ikaanza kuleta habari za kiwanda kilichotengeneza gari lile. Kwamba mauzo yameanguka. Kwamba wakubwa wake wamejiuzulu. Kwamba wanafunga karakana, wafanyakazi kwa maelfu wanaambiwa wasirudi, na magari ya mbio ya aina ile hayatatengenezwa tena. Salvatori alisikiliza habari hiyo huku anakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Pontien. Lile jekundu, bei imepanda."

"Bosi, hata ile ya kwanza hakuna aliyeiweza."

"Hujasikia? Mama yao anakufa. Watoto waliobaki ni wachache. Kitu kikiwa cha mwisho kina bei yake." Akataja bei mpya. "Juu ya hapo ni yako, kama kawaida."

Pontien aliwafikiria wale watu wa karakana. Alimfikiria mmoja ambaye labda ndiye aliyefunga ule usukani, anakunja ovaroli lake kwa mara ya mwisho, anatoka getini hajui aende kushoto au kulia. Mama yake mzazi, bibi Séverine, aliwahi kumweleza asubuhi ya namna hiyo, ile waliyotoka Burundi.

Basi wateja wakaanza kuja. Habari za kitu cha mwisho zinasafiri. Alikuja mwenye shimo la dhahabu, akalizunguka gari, akauliza bei. Pontien alifungua mdomo ataje ya bosi na cha juu cha adabu, na mdomo ukataja kitu kingine kabisa. Bei ya gari na nyumba ya kuliwekea. Yule bwana akacheka, akanunua Noah. Akaja mfanyabiashara wa mpunga wa Mpimbwe. Pontien akaongeza tena. Kila redio ilipoleta habari mbaya ya kiwanda, yeye akaweka juu zaidi, na kila mteja alipoondoka anatikisa kichwa, alijisikia kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

Mnaelewa? Wengine huweka cha juu wapate kula. Yeye alikiweka kama uzio, mtu asipite.

Lakini bosi si mjinga. Jioni moja alimkuta Pontien anafuta vioo vya gari lile kwa shati lake.

"Hili gari mbona halitoki?"

"Watu wa huku wanaogopa matuta, bosi."

"Watu wa huku wanaogopa bei yako. Fabrice ameniambia unazotaja." Salvatori hakupaza sauti, na ndiyo maana ilitisha. "Kuna fundi Mwanza anataka injini tu. Anakuja baada ya mnada wa ng'ombe unaokuja. Bodi atalikata, auze vyuma. Ukipata mtu kabla yake, bei yangu unaijua. Usipopata, basi."

Usiku ule Pontien alikwenda Katumba kwa mama yake, akala ugali na maharage, akarudi. Alijua kwamba uzio alioujenga sasa umekuwa zizi la machinjio.

Siku ya pili yake akaja mzee mmoja wa Kisukuma, mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, viatu vya matairi, jina lake Ngusa. Alikuwa ameletwa mjini na dawa za mifugo, akapita tu. Aliposimama mbele ya gari, hakuuliza bei. Aliinama akaangalia tumbo. Akapita nyuma, akagusa mabega yake kwa kiganja kama unavyomtuliza ng'ombe mgeni. Akakaa mbele yake kwa kuchuchumaa, akaliangalia usoni kwa muda mrefu.

"Mwangaluka," akamsalimia Pontien mwishowe.

"Mwangaluka, baba."

"Huyu anasemaje akiamka?"

Hakuna mteja aliyewahi kuuliza hivyo. Pontien akageuza ufunguo. Mwanamke akasema maneno yake. Ngusa alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akasikiliza mpaka mwisho.

"Anasemaje?"

"Sijui, baba. Mimi nasema anasalimia."

"Anasalimia," mzee akakubali. "Bei?"

Hapa Pontien angetaja ya bosi, gari likapona. Ndivyo alivyopanga usiku mzima. Lakini kinywa kina mazoea yake, na moyo ulikuwa umeshika mlango kwa nguvu zote. Akataja ile ya juu kabisa, ya siku ya habari mbaya kuliko zote. Akaisikia inatoka. Ngusa alimwangalia, akainua fimbo yake, akatoka getini.

"Baba! Subiri, tuzungumze!" Pontien alikimbia mpaka barabarani. Fabrice alikuwa tayari amempakia mzee, wanaingia kwenye vumbi.

Siku za mnada zilipofika, Pontien hakwenda kukaa ndani ya gari. Aliliona kwa mbali tu, kama mgonjwa usiyejua umwambie nini. Mnada ukaisha. Na asubuhi iliyofuata, kabla fundi wa Mwanza hajafika, Fabrice alisimamisha pikipiki getini, na nyuma yake ni Ngusa, kifurushi kimefungwa kwenye shuka.

"Hii ni ya bosi wako," akasema mbele ya Salvatori, na wakaihesabu ikatimia. Kisha akamgeukia Pontien. "Ya kwako, ile ya juu, sikuipeleka mnadani. Iko nyumbani. Mimi sijui kuendesha. Utanipeleka, uichukue."

Walitoka kwa barabara ya lami inayokwenda Inyonga, jua bado changa. Matuta ya mjini waliyapita upande upande, mbao chini ya tairi, Fabrice anaelekeza kwa mikono na matusi. Halafu mji ukaisha.

Pontien ananiambia hakumbuki alikanyaga kiasi gani. Anakumbuka miombo ikirudi nyuma pande zote mbili, kama alivyokuwa akiiona ndani ya yadi, ila sasa ilikuwa na harufu. Ilikuwa na kivuli na jua, kivuli na jua, vikipita juu ya mikono yake. Mbung'o mmoja aliingia dirishani akatoka bila kuuma mtu. Ngusa alikaa, fimbo katikati ya magoti, shuka linapepea. Mahali fulani mzee alisema, "Nilitoka Shinyanga nyuma ya ng'ombe mpaka huku. Maisha yangu yote nimeona migongo yao." Akaonyesha mbele kwa kidevu. "Leo sioni mgongo wa mtu."

Kisha lami wakaiacha. Njia ya kwenda kwa Ngusa ilikuwa nyufa na mashina, gari lile lisingefika hata kwenye mti wa kwanza. Lakini mzee alikuwa amejua. Chini ya mti walikuwa wamesimama wanawe na maksai wa kulimia, nira shingoni, minyororo tayari. Wakafunga minyororo mbele ya gari, wakatanguliza majembe kusawazisha vichuguu, na lile gari la mbio, la mwisho katika jamaa yake, likaanza kwenda kwa mwendo wa maksai. Injini imezimwa. Pontien anashika usukani tu, kushoto kidogo, kulia kidogo. Vumbi linapanda dhahabu. Alisikia kwato, na ndege, na nyasi zikipapasa tumbo la gari chini ya miguu yake.

Hapo ndipo alipouliza.

"Baba, ulijua kwamba sikutaka kuuza?"

Ngusa alikuwa akitembea pembeni, mkono kwenye mlango. "Nilikuwa na dume jeupe. Kila mnada wananiuliza bei, nawatajia bei ya kundi zima. Wanacheka, wanakwenda, nabaki na dume langu. Uliponitajia ile yako nikasema, kumbe na huyu ana dume."

"Sasa si ungeomba nipunguze?"

"Bei ya namna hiyo haipunguzwi. Ukimwomba mtu aipunguze, umemwambia kwamba hakipendi kitu chake." Akatembea kidogo. "Halafu ukame ukaja. Nikabaki na bei, dume likafa. Kijana wa pikipiki aliponiambia bei ya bosi wako na habari za fundi wa Mwanza, sikulala."

Pontien aliangalia mbele. Alishika usukani, kushoto kidogo, kulia kidogo.

Cha juu chake kilikuwa mtamba mwekundu mwenye mimba, amefungwa mlangoni pa zizi. Alimfikisha Katumba kwa Canter, na bibi Séverine akatoka nje akifuta mikono, akamzunguka yule ng'ombe mara nyingi.

"Amekulipa?" akauliza.

"Amenilipa, mama."

"Hapana, mwana wanje, mwanangu. Fedha ndiyo wanalipana. Akikupa ng'ombe amekufanya mtu wake. Atakapozaa jike, huyo ndama ni wa kurudisha. Utampeleka wewe mwenyewe, kwa mikono yako."

Mtamba alizaa jike. Pontien alisubiri ndama aache kunyonya, akapanda naye tena Canter ya kwenda Inyonga, akamtembeza kwa kamba ile njia ya mashina. Ngusa alimwona kwa mbali akatoka.

"Huyu wa nini? Si nilikulipa?"

"Mama yangu anasema hukunilipa."

Mzee alifikiri, akacheka kicheko kirefu cha kifuani, akapokea kamba.

Gari lilikuwa chini ya banda la nyasi karibu na zizi, limefutwa, kuku wamefukuzwa juu yake siku hiyo kwa ajili ya mgeni. Ngusa akakaa upande wa abiria, akampisha Pontien kwenye usukani. Habari za kiwanda hakuna aliyeuliza. Pontien akageuza ufunguo. Betri ilikuwa imechoka kidogo, na yule mwanamke akasema maneno yake taratibu zaidi kuliko zamani, kama mtu aliyezoea nyumba.

"Mwadila," Ngusa akamwitikia kwa salamu ya Kisukuma.

Ndama akainua masikio, akasogea, akaanza kulamba mlango mwekundu.