Ukuta Aliouandika Fundi Twahiru

Twahiru alirudi kutoka mtaroni na jembe begani, akaukuta ukuta wa kibanda chake umekuwa mweupe, kuanzia chini hadi kwenye bati. Rangi ilikuwa bado inang'aa kwa ubichi.

Alisimama, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Huwa hauvui, hata siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Fundi, iko safi sasa, si ndiyo?" alisema Mukandayisenga, mkuu wa mudugudu wetu, mtaa mdogo hapa Kimisagara, brashi mkononi. "Mgeni wako hawezi kukuta uchafu kwetu."

Uchafu aliousema ni alama za penseli. Baba yake Twahiru, fundi cherehani kabla yake, aliwasimamisha watoto wa mtaa kwenye ukuta huo kila walipokuja kupimwa sare za shule. Kila mtoto aliwekewa mstari juu ya kichwa na jina pembeni. Mwaka uliofuata fundi alitazama mtoto amerefuka vipi, ndipo akajua aache upindo mpana au mwembamba. Twahiru aliendelea hivyo hivyo. Wazazi wasiosemezana walikutana pale wakabishana mtoto wa nani kampita wa mwenzake.

Mwaka huu aliandika habari za ukuta huo, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, akazipeleka kwenye tuzo ya maandishi yanayomfanya msomaji apaone mahali. Andiko lake limebaki kati ya machache ya mwisho. Sharti ni moja na ni kali: mwamuzi huja na andiko mkononi, atembee mahali palipoandikwa. Asipopatambua, andiko linatolewa.

"Kiswahili ni cha kuuzia nyanya," Jean-Luc, muuza simu wa kibanda cha pili, alikuwa akimwambia. "Kaandike Kinyarwanda, au Kiingereza, upate watu."

Wanaosema hivyo ni wengi, wenye shahada na wasio nazo, na kila nikiwasikia damu inanichemka. Mji unaoisema lugha sokoni kutwa, kisha ukaionea haya kwenye karatasi, unajikana wenyewe. Twahiru hakubishana. Alishona, akaandika. Na sasa angeitwa mwongo mbele ya mtaa mzima, na Jean-Luc angekuwa na la kusema hadi uzee.

"Mama, ukuta huu ndio niliouandika," alisema polepole.

"Si ndiyo maana tumeupaka? Kitu kikija kutazamwa na mgeni, utakiacha na madoa?"

Twahiru alitafuta kitambaa, akafuta pembeni kidogo. Penseli ilitoka pamoja na rangi. Aliacha mara moja.

Mkutano wa baada ya kazi ulikuwa haujatawanyika Kellen alipofika, mwamuzi mwenyewe, kwa miguu, na Kiswahili chake cha Mwanza alikolelewa. Alisoma, akainua macho, akasoma tena.

"Fundi, nautafuta ukuta wa majina."

Twahiru aliunyooshea kidole. "Ndio huu. Ulikuwa huu."

"Ulikuwa?"

Mukandayisenga aliitazama brashi yake kama vile ameokota ya mtu mwingine. "Mimi ndiye nimeharibu," alisema. "Fundi hana kosa."

Gasana, dereva wa pikipiki, jitu la mtu, alisogea ukutani akachuchumaa, akauegemea. "Mimi nilikuwa hapa. Darasa la kwanza."

"Wewe? Ulikuwa mfupi kuliko ndoo," alisema Jean-Luc. "Hapo ni mimi. Wewe shuka."

"Nishuke wapi, sha? Baba yake fundi aliniambia nitakuwa mrefu."

"Alikwambia hivyo ulipe suruali mpya."

Watu walicheka, wakasogea. Huyu alionyesha kwa kiganja, yule akamsukuma. Hata Mukandayisenga aligeuka akaegemea, akajigusa utosi. "Na mimi hapa, mwaka wa mwisho wa shule. Upindo uliisha, mama akaunganisha kitambaa kingine." Alipojitoa, kitenge chake kilikuwa kimegandwa na rangi, na ukutani pamebaki mchoro wa mgongo wake. Wa Gasana ulikuwa chini yake, mpana, na mikunjo ya jaketi.

Kellen aliitazama michoro ile, kisha karatasi yake. Twahiru aliikunja ncha ya utepe wake, akaikunjua, akaikunja.

"Hii haimo kwenye andiko lako," alisema Kellen.

"Haimo."

"Mimi nitawaambia wenzangu nilichokikuta: ukuta sikuuona, lakini watu wake wote niliowasoma nimewatambua kabla hawajataja majina. Wataamua wao. Siwezi kukuahidi."

Aliondoka kupanda mlima. Twahiru alimfuata kwa macho mpaka kona ikammeza.

"Sasa?" aliuliza Jean-Luc, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Sijui."

"Fundi," aliita Mukandayisenga, akijipindua kutazama mgongo wake. "Na hiki kitenge?"

"Kilete," alisema Twahiru. Kisha akauvua utepe shingoni. "Lakini njoo kwanza nikupime. Pale pale uliposimama."