Ukungu Juu ya Meza

Hadithi hii hutaiamini, nakwambia mapema ili usije ukanisumbua mbele ya safari. Wengine niliowasimulia walicheka kwanza, kisha wakaniomba ninyamaze. Basi kaa vizuri.

Mpwa wangu ni fundi wa polishi, tena si fundi wa kubahatisha. Kabati likipita mikononi mwake, unaweza kusimama mbele yake ukachana nywele na ukatoa kilichonasa kwenye jino. Ndiyo maana pale karakanani wakambandika jina la Mng'aro. Kipaji hicho amekitoa upande wa mama yake, yaani upande wangu, lakini hayo tuyaache.

Kazi yenyewe ni ya tambara na subira. Lakri, ile gundi kavu ya kung'arishia mbao, inaloweshwa kwenye spiriti mpaka iyeyuke, tambara linachovywa, ubao unasuguliwa kwa miduara midogo midogo. Harufu ya spiriti inahamia kwenye shati, kwenye mto, mpaka kwenye chai. Mng'aro alikuwa mnywaji wa baa kama walevi wenzake, mpaka siku moja mfuko ukakauka na kiu ikabaki. Siku hiyo akalitazama dumu la spiriti, na dumu likamtazama. Akamimina kidogo, akatia maji, ikageuka nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Akaziba pua, akanywa. Hakuna aliyemwona, na hilo ndilo lililomponza.

Sasa sikia. Asubuhi moja alikuwa akipitisha mkono wa mwisho kwenye meza kubwa ya mteja, akaona ukungu juu yake. Mafundi wa polishi wanaujua sana: unyevu ukiingia, mng'aro hupauka, inabidi uutoe uanze upya. Akautoa. Ukarudi. Akabadilisha tambara, akafunga dirisha, akailaani mvua ambayo wala haikunyesha. Seremala akaja kusimama nyuma yake.

"Mng'aro, unaidai nini hiyo meza? Si imekwisha tangu jana?"

"Huuoni ukungu huu?"

"Ukungu gani, ndugu yangu? Mimi hapa najiona mpaka vinyweleo!"

Mng'aro akainua kichwa. Ukungu ulikuwa juu ya meza, ulikuwa ukutani, na ulikuwa kwenye uso wa seremala.

Mchana huo huo akaenda zahanati. Muuguzi wa pale, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimmulika macho, kisha akamnusa.

"Unakunywa ya kusugulia mbao?"

Mng'aro akaziba mdomo kwa kiganja.

"Safari hii huenda ukungu ukapungua. Ukirudia, utaamka siku moja uwaulize watu mbona hakujakucha."

Akamwelekeza chumba cha nyuma ya jengo: Jumamosi alasiri kuna kikao cha walioacha. Mpwa wangu, kwa woga aliokuwa nao, hata hakuuliza wameacha nini. Jumamosi akaenda. Mlangoni alimkuta mama mwenye sauti nzito, muuza mitumba.

"Karibu, baba. Umeacha?"

"Sijaacha, mama. Mimi niliachwa. Aliondoka hata na sufuria."

Mama alicheka mpaka akashika kizingiti. "Pombe, baba! Tumeacha pombe! Haya, pita ukae, wa sufuria."

Kicheko kiliishia pale pale mlangoni. Ndani umeme ulikuwa umekatika, viti vimepangwa duara, na watu walikuwa vivuli tu. Watu wale pombe hawaitaji kwa jina. Wanaiita Yule.

"Wiki hii Yule alinipitia kazini," alisema dereva wa lori. "Akaniuliza mbona siku hizi namkimbia."

"Kwangu amekaa sebuleni," alisema mama wa mlangoni. "Anajua funguo naziweka wapi."

Walizungumza chini chini, kama watu wanaomsengenya mtu aliye chumba cha pili.

Kwenye kiti cha jirani alikaa mzee wa miwani myeusi, zamani fundi saa. "Mimi nilianza na ukungu," alisema. "Nikadhani ni vioo vya saa. Nikavifuta, nikavifuta. Kumbe nilikuwa nikivifuta kwa spiriti ile ile niliyokuwa nikiinywa."

Mzee hakumaliza maneno yake. Aligeuza uso taratibu, pua mbele, mpaka ukakaribia koti la mpwa wangu.

"Kijana," alisema, "umekuja na Yule?"

Ndani ya koti mlikuwa na kichupa cha spiriti. Cha kutuliza mikono, ndivyo alivyojiambia alipokitia. Mikono inayotetemeka haisugui meza. Hakuna aliyemkaripia. Mama wa mlangoni alisema tu, "Ukitoka naye humu, baba, hutarudi. Na macho ya akiba huna."

Basi hapo ndipo damu ya ujombani ilipojitokeza! Mpwa wangu aliruka kitini kama simba, akang'oa kizibo kwa meno, akaimwaga yote nje, majani yakakauka papo hapo, mbwa wawili waliokuwa wakipita wakapepesuka, na kichupa chenyewe akakisaga kwa kiganja huku akiunguruma—

Hapo mpwa wangu mwenyewe, kumbe alikuwa mlangoni akinisikiliza, akanikatiza: "Mjomba, acha uongo wako. Sikuruka, sikumwaga. Nilikishika. Mzee ndiye aliyekitoa, ananibandua kidole kimoja kimoja, na vidole vyenyewe havitaki. Halafu simulia na hili: Jumatatu nilirudi kazini, na dumu lilikuwa pale pale likinitazama."