Redio ya Ami, Mawe ya Baba

Enzi zetu pale Bofu redio haikuwa ya mtu mmoja. Ya kwetu ilikuwa na wenyewe wawili. Sanduku lilikuwa la Ami Salimu, kaka yake baba, na mawe, hizo mnazoziita betri, yalikuwa ya baba yangu, Athumani. Mawe yakichoka tuliyaanika juani kama papa, yakapata uhai wa siku mbili tatu. Watoto wa leo simu ikikaribia kuzima hulia kama waliofiwa. Waianike basi, tuone.

Tulikaa ua mmoja, nyumba mbili za makuti zatazamana. Asubuhi mahamri yaliumuka kwetu, mbaazi zikachemka kwa Ami, na nazi za nyumba zote zikakunwa kwa mbuzi moja. Mchana wanaume walikuwa na sinia lao, wanawake lao, na sisi watoto letu, na ole wako uchelewe kunawa. Mimi na Riziki, binti Ami, tulicheza mdako, kurusha kijiwe na kukidaka, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Shule nilisoma miaka mitatu tu, nikatolewa kulea wadogo zangu, yeye akaendelea. Lakini kwa mdako hakuniweza hata siku moja, na mpaka leo akinipigia simu namkumbusha.

Ikishasaliwa alasiri, wanaume walikaa barazani kusikiliza habari. Wakati huo kulikuwa na vita katika nchi moja ya mbali huko magharibi, jina lake baba akilitamka hivi, Ami akilitamka vile. Hakuna aliyefika huko. Wengi wao safari yao ya mbali kabisa ilikuwa Vanga, hapo mpakani. Lakini chanzo cha vita walikijua wote! Baba, kuli wa bandarini, husema, "Chanzo ni wakubwa kula peke yao." Ami, fundi wa cherehani, humjibu, "Chanzo ni wadogo kukosa adabu." Wakacheka, wakapigana mabega, kahawa ikamwagika. Kesho yake wakaanza upya pale pale.

Sasa kuna jambo moja mulijue. Baba na Ami walikuwa baba mmoja, mama mbali. Mama yake Ami, tuliyemwita Bi Mkubwa, alikuwa wa hapo hapo Bofu, na kiwanja kilikuwa cha kwao. Mama yake baba aliolewa kutoka Pemba, akafa mwanawe angali ananyonya. Bi Mkubwa akamchukua, akamtia titi lile lile alilokuwa akinyonya Ami. Mambo ya kiwanja hayakusemwa kwetu. Yalikuwapo tu, kama mwiba wa samaki ndani ya mchuzi. Waweza kula miaka usikuchome.

Siku moja baba alikuwa zamu. Mama akanituma barazani na sahani ya mhogo wa kukaanga. Jirani mmoja alikuwa akimuuliza Ami kuhusu mataifa ya nje yanayopeleka bunduki kule vitani. Ami akasema kwa sauti yake ile ya kukata kitambaa, "Vita hivi ni vya wenyewe kwa wenyewe. Wageni wasitie mkono!" Neno likanipendeza. Nikalibeba mpaka nyumbani.

Baba aliporudi, akanawa, akakaa kula, akaniita. "Haya mama, leo wamesemaje barazani?"

"Ami amesema mambo ni ya wenyewe," nikajibu kwa maringo, "wageni wasitie mkono."

Mkono wa baba ukasimama juu ya wali.

"Wageni?"

"Ndiyo baba. Wageni."

Wiki ile ile Ami alikuwa amezungumza habari ya kuongeza chumba uani, na kiwanja ni cha kina mama yake. Baba akafunika wali wake, akaenda kulala na njaa. Asubuhi akaivuta redio, akatoa mawe yake yote manne, akaenda bandarini nayo mfukoni.

Ndugu wakawa hawasemi. Ami alitazama redio tupu, akaitupia kitambaa kama maiti. Sinia la wanaume likawa mawili. Kisha Ami akasimamisha ua wa makuti katikati, na mimi na Riziki tukakatazwa kuonana. Tukacheza mdako kupitia tundu la ua, kila mtu kalala kifudifudi upande wake. Vita vya mbali hatukuvisikia tena, kwa sababu redio ilikuwa kule na mawe yalikuwa huku. Vingeweza kwisha tusijue.

Baraza sasa likapata vita vyake vya karibu. Kila alasiri watu walijadili chanzo chetu. Huyu alisema ni wake zao. Yule alisema ni kiwanja. Mwengine aliapa kuna jini amefukiwa chini ya mlango. Nilipita na ndoo yangu ya maji nikisikiliza, na miye pia nilikuwa na rai yangu: nilidhani ni wake zao.

Baada ya mwezi, lori likaja likamwaga mawe ya kujengea. Ami akataka ukuta. Fundi alikuwa aje Jumamosi. Alhamisi Riziki alilia tunduni mpaka mchanga ukalowa. "Likiwekwa jiwe hatutaonana tena. Tumekuwa kama wale wa redioni, vita vya wenyewe kwa wenyewe."

"Lakini baba yako ndiye mwenyewe," nikamwambia. "Sisi si wageni?"

Akakoma kulia. "Mjinga we! Wenyewe kwa wenyewe ni ndugu kwa ndugu. Hata mwalimu katwambia. Nani kasema nyinyi wageni?"

Nilikuwa nimelichukua neno la Ami, nikalikata kichwa na mkia, nikampa baba kiwiliwili.

Nikaenda kwa Bi Mkubwa, alikuwa akipeta mchele. "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Shikamoo ya tatu hii leo. Umevunja nini?"

Nikamwambia. Hakufoka. Aliweka ungo chini, akanishika sikio, akanipeleka mpaka kwenye rundo la mawe. "Salimu! Athumani! Njooni hapa!"

"Naam, mama," wakaitika, huyu kule, huyu huku. Wanaume wazima na ndevu zao.

"Sema," akaniambia, "na safari hii mkia usiukate."

Nikasema yote, mataifa na bunduki na wenyewe kwa wenyewe, machozi na kamasi vyanishuka. Nilingoja kofi. Halikuja.

"Wallahi, Athumani," Ami akasema, "ulidhani mgeni ni wewe?"

"Nilidhani."

"Na hukuja kuniuliza?"

"Na wewe mawe yalipotoka, ulikuja kuniuliza?"

"Chanzo cha watu musiowajua mwakijua," Bi Mkubwa akawakata. "Chenu ni hiki hapa, nimekishika sikio!"

Ami ndiye aliyeanza kucheka. Baba akaingia ndani, akatoka na mawe manne mkononi. Redio ikakoroma, ikasema. Vita vilikuwa bado vyaendelea. "Wenzetu hawajapata Bi Mkubwa," Ami akasema. Yale mawe ya ukuta wakajengea chumba, na chumba chenyewe akapewa baba.

Juzi mjukuu wangu Zuhura alikuwa na mdahalo shuleni, chanzo cha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kanisomea vyanzo vitano kutoka kwenye simu, vyema, vimepangwa kama vikombe. Nikamwambia ongeza cha sita, mchukuzi wa maneno, na nyanyako ni shahidi. Kacheka. Simu ile ile ikalia. Ni ujumbe: watu wa mtaa fulani wasema sisi wageni, tuhame.

"Nani kasema?"

"Sijui, nyanya. Imesambazwa tu."

"Mwenyewe ni nani?"

"Haina mwenyewe."

Nimelala nalo hilo. Enzi zetu neno baya lilikuwa na miguu miwili na kamasi puani, na kila mtu alijua ni la nyumba gani. Mimi sikio langu lilivutwa, ukuta haukujengwa. Hili la simu nimeligeuza huku na huku, na miwani nimevaa. Sikio silioni.